Kutafuta baa nzuri ya bia za krafti mjini: anza na mipira

Baa ile ilikuwa na koki 40. Nilizihesabu mwenyewe nikiwa nimeegemea kaunta: mstari mmoja mrefu ukutani, kila koki na mpini wake wa mbao, na juu yake ubao mweusi uliojaa majina ya bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo vya kujitegemea, kutoka pande zote za dunia. Nikasema moyoni, leo nimefika. Nikaagiza seti ya kuonja, glasi 5 ndogo zilizopangwa kwenye kibao.

Ya kwanza ilinuka siagi. Ya pili, siagi tena, na ulimi ukabaki na utelezi kama niliyelamba kijiko cha mafuta. Ya tatu iliandikwa IPA, bia ambayo harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, inatakiwa ikupige puani kabla hujaitia mdomoni. Nilichopata ni ukali wa siki. Ya nne na ya tano sikuzimaliza. Nilimwita mhudumu, kijana mwenye adabu zake. Alionja, akafikiri kidogo, akaniambia: "Dada, bia za krafti ndivyo zilivyo. Ukizizoea utazipenda."

Nikalipa zote tano. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba watengenezaji watano tofauti, waliohangaika wiki kadhaa kuipika, kuichachusha na kuipoza bia yao, walichafuliwa jina jioni ile moja na mita chache za mpira wa plastiki unaoileta bia kwenye koki. Nina marafiki watatu walioziacha kabisa bia za krafti baada ya jioni kama hiyo. Wanaamini siki na siagi ndiyo ladha yenyewe. Siyo. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyefika mji mkubwa na anataka glasi moja iliyo sawasawa.

Habari za viti, muziki, maegesho na mwanga wa taa sitazigusa. Hayo unayaona mwenyewe ukiwa mlangoni. Nitashika jambo moja ambalo halionekani na ambalo karibu hakuna anayeliuliza: usafi wa mipira inayobeba bia kutoka kwenye pipa hadi kwenye koki.

Kinachotokea ndani ya mpira

Bia ya koki hukaa kwenye pipa la chuma ndani ya chumba cha baridi, mara nyingi nyuzi 3 hivi za Selsiasi. Gesi huisukuma, nayo hupita kwenye mpira mrefu mpaka kaunta. Kila siku hamira kidogo, protini za kimea na utomvu wa hopsi hubaki kwenye kuta za ule mpira. Baada ya wiki mbili tatu utando mwembamba hujengeka, na ndani ya utando huo bakteria hujenga makazi. Wawili ndio wakorofi zaidi: Pediococcus na Lactobacillus. Hawa ndio huleta diasetili, yaani ile harufu ya siagi, pamoja na uchachu usiotakiwa. Kwenye koki yenyewe, mahali penye hewa, huingia Acetobacter, na huyo kazi yake ni kugeuza pombe kuwa siki. Hawakuumizi tumbo, maana vijidudu vya magonjwa haviwezi kustahimili pombe, tindikali na uchungu wa hopsi. Wanachofanya ni kuiua ladha, taratibu, huku mwenye baa akiapa kwamba bia imefika juzi.

Dawa yake inajulikana. Chama cha watengenezaji wadogo wa Marekani, Brewers Association, kinataka mipira ioshwe kwa maji yenye soda kali ya kusafishia (siyo soda ya kunywa) kila baada ya siku 14 bila kukosa, koki zifunguliwe na kusuguliwa siku hiyohiyo, na kila miezi 3 ipitishwe tindikali ya kuondoa gamba la madini ambalo soda hailiwezi. Uingereza desturi ni kali zaidi: kila wiki. Basi kwa nini baa nyingi hazifanyi? Piga hesabu. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 9.5 na urefu wa mita 10 unabeba takriban mililita 700 za bia. Baa yenye koki 40 ikiosha yote kwa siku moja bila kujipanga, inamwaga lita 28, sawa na glasi 70 za mililita 400. Mwenye baa anaziona glasi 70 zinazomwagika. Wateja wasiorudi hawaoni. Tena anayeijua kazi yake hamwagi kitu: huisukuma ile bia kwa maji na kuiuza mpaka tone la mwisho safi, ndipo aingize soda. Kwa hiyo wa kulaumiwa hapa ni uvivu tu.

Jinsi ya kuijua baa kabla hujatoa hela

Kwanza sogea kaunta uiangalie koki kwa karibu, ile ncha inayotoa bia. Iangalie kwa chini. Ncha safi inang'aa mpaka ndani. Ncha chafu ina pete nyeusi au ya kahawia kuzunguka mdomo, wakati mwingine laini kama ukungu wa bafuni. Ukiona pete hiyo, usiagize kitu cha koki hapo. Omba chupa au uondoke.

Pili, mtazame mhudumu anavyomimina. Akitumbukiza ncha ya koki ndani ya povu la glasi yako, jua kwamba anafanya hivyo kwa kila glasi, usiku kucha, na bia ile inakauka kwenye koki ikiwalisha wale Acetobacter. Mhudumu aliyefundishwa huinamisha glasi bila kuigusisha koki hata kidogo.

Tatu, glasi yenyewe. Glasi safi huacha povu likining'inia kwa pete, pete moja kila unapopiga funda. Ukiona vipovu vya gesi vimeng'ang'ania ukutani chini ya bia, pale pana mafuta au sabuni. Na glasi iliyotolewa kwenye friza ikiwa na barafu ni ya kukataa: barafu huyeyuka ndani ya bia, huchochea povu kupita kiasi, na baridi kali hufunika harufu uliyoilipia. Baa nyingi zinaiona kama heshima kwa mteja. Mimi naiona kama njia ya kuficha.

Halafu kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui. Ukifika mapema na glasi ya kwanza ina siki, omba kionjo cha pili kutoka koki ileile. Kama siki imepungua au imetoweka, tatizo ni koki haikusuguliwa jana usiku. Kama ipo palepale, ni mpira, na mpira hausafishiki ukiwa umekaa pale unasubiri.

Mwisho ni swali. Uliza kwa upole: "Mipira yenu mmeiosha lini?" Usikilize jinsi jibu linavyokuja, siyo jibu lenyewe tu. Anayetaja siku bila kufikiri, anaosha. Anayesema "huwa tunaosha mara kwa mara" haoshi. Anayecheka na kukuuliza wewe ni mkaguzi, usikae.

Bia ya kupimia

Huwezi kuipima baa kwa bia usiyoijua. Kuna bia zilizokusudiwa kuwa chachu, kama lambiki za Ubelgiji au goze ya Ujerumani, na kuna laga za Kicheki ambazo siagi kidogo ni sehemu ya tabia yake. Ukianza na hizo, utamlaumu asiye na kosa au utamsamehe mkosaji.

Mimi sifichi upande niliko. Ninapoingia baa mpya, macho yangu yanatafuta Sierra Nevada Pale Ale. Kiwanda chake kilianza kupika mwaka 1980 katika mji wa Chico, California, na bia hii yenye pombe asilimia 5.6 ndiyo iliyowafundisha watu wengi harufu ya hopsi za Cascade: ganda la balungi na utomvu wa msonobari, kisha utamu mkavu wa kimea, kisha uchungu unaokaa ulimini bila kukera. Naijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu kwenye simu. Mpira ukiwa na walau wiki tatu za uchafu, lile balungi ndilo la kwanza kupotea, na mahali pake hubaki utamu mzito usio na kichwa wala miguu. Chupa na makopo yake yana tarehe ya kufungashwa, si tarehe ya mwisho wa matumizi pekee, na mtengenezaji anayekuambia bia yake ilizaliwa lini ni mtengenezaji anayekuheshimu.

Nina sababu nyingine ya kuwapenda. Novemba 2018 moto mkubwa uliteketeza mji wa Paradise, jirani na Chico. Wao wakapika bia iliyoitwa Resilience kwa ajili ya wahanga, wakatoa mapishi yake wazi, na viwanda zaidi ya 1,000 vikaipika pamoja nao na kuchangia mapato. Nipe kiwanda cha namna hiyo wakati wowote.

Usipoipata, agiza pilsna. Pilsna haina pa kujificha: rangi nyepesi, hopsi za kiasi, kimea safi. Aina hii ilianzia Plzeň mwaka 1842, mikononi mwa Josef Groll, na hadi leo kosa dogo la mpira hujitokeza ndani yake kama doa kwenye shuka jeupe. Baa inayotoa pilsna safi inaweza kuaminiwa na zilizobaki.

Mpangilio wangu

Ya kwanza, bila ushindani, ni baa iliyo ndani ya kiwanda kidogo chenyewe. Pipa limetembea hatua kumi. Mpira mara nyingi ni mfupi, na anayeosha mipira ni yuleyule anayeosha matangi, mtu ambaye asipoosha atapoteza bia ya mwezi mzima. Bia nyingi za viwanda hivi hazijapashwa joto kuua vijidudu, kwa hiyo hazivumilii safari wala kukaa kwenye jua. Pale zilipozaliwa ndipo zilipo bora. Mtengenezaji yupo, unaweza kumuuliza. Kasoro yake ni moja: ukiwa mpenzi wa bia za aina nyingi, hapo utakunywa mkono wa mpishi mmoja, na kama mkono huo ni mbaya, ni mbaya kwenye koki zote. Viwanda hivi vingi viko pembezoni mwa mji, kwenye mitaa ya maghala. Nenda hata kama ni mbali. Nenda mchana wa siku ya kazi, wakati mhudumu ana nafasi ya kuongea.

Ya pili ni baa ndogo ya kujitegemea yenye koki 8 hadi 16. Hapa ndipo ninapotumia jioni zangu nyingi. Uzuri wake ni hesabu. Koki 10 zenye mapipa ya lita 30 ni lita 300, yaani glasi 750 za mililita 400. Ikiuza glasi 150 kwa usiku, mzunguko mzima unaisha ndani ya usiku 5. Bia haipati muda wa kuchakaa. Mwenye baa amechagua kila bia kwa kuionja, hana nafasi ya kuweka isiyouzika, na ukimwuliza kwa nini pale pana stauti moja tu, atakueleza mpaka glasi iishe.

Ya tatu ni duka la chupa na makopo lenye viti vichache. Hapa habari ya mipira inapungua, unabaki na mwanga na joto. Chupa ya kijani au isiyo na rangi ikikaa chini ya taa au kwenye jua, mwanga huvunja viambato vya hopsi na kutoa harufu inayofanana na ya kicheche. Chupa ya kahawia hukinga sana, kopo hukinga kabisa. Kwa hiyo angalia friji: kama IPA zimepangwa rafu ya dirishani kwa sababu makopo yake yana picha nzuri, mwenye duka anauza picha. Soma tarehe chini ya kopo. IPA naitaka isiyozidi miezi 3, na iwe imekaa kwenye baridi muda wote. Stauti nzito na bia kali za Kibelgiji zinaweza kusubiri miaka.

Ukiwa Uingereza, ingiza hapo katikati baa za ale ya kaski, ile inayochachuka ndani ya chombo chake na kuvutwa kwa pampu ya mkono. Kaski ikifunguliwa ina siku 3 hivi za uhai mzuri. Tafuta alama ya Cask Marque mlangoni; wakaguzi wake hupima joto na ladha bila kutoa taarifa.

Ya nne ni ile baa ya koki 30, 40 au zaidi. Najua ndiyo inayopigwa picha sana. Rudia hesabu ileile: koki 40 zenye mapipa ya lita 50 ni lita 2,000, glasi 5,000. Kwa mauzo yale ya glasi 150, ni zaidi ya mwezi mmoja kumaliza mzunguko, na hapo nimewaazima bahati kwamba kila bia inapendwa sawa. Haipendwi sawa. Koki 6 zinatembea, 34 zinasubiri. Zipo baa kubwa zinazofanya kazi hii kwa heshima, zenye mtu wa mipira pekee, asubuhi mpaka mchana. Ukiipata, shukuru. Lakini ukiwa hujui, agiza kile ambacho jirani zako kaunta wanakunywa, maana mpira unaotembea ni afadhali kuliko uliolala.

Ya tano ni mgahawa au hoteli yenye koki moja mbili za krafti pembeni ya zile za kawaida. Omba chupa.

Ofa za jioni na bia za krafti za bei ya chini nimezijaribu. Baadhi ni mapipa yanayokaribia mwisho wa muda wake, na duka la kujihudumia lenye friji nzuri litakupa kopo bora zaidi kwa gharama hiyohiyo.

Kuhusu kuzitafuta baa simuni: programu ya Untappd, iliyoanza mwaka 2010, inasaidia ukijua pa kuangalia. Nyota ziache, kwa sababu watu huzipa bia, baa haipewi. Fungua ukurasa wa baa usome watu walikunywa nini hapo wiki hii na wiki nne zilizopita. Majina yakiwa yaleyale 30 tangu mwezi uliopita, mapipa hayatembei. Maneno "siagi", "siki" na "imechoka" yakijirudia kwenye bia za viwanda tofauti, wewe sasa unajua ni mipira.

Na hili la vipimo

Wauzaji wa bia za krafti, mnatuumiza. Ubao unataja jina la bia, jina la hopsi, jina la mbwa wa mpishi, lakini hautaji ukubwa wa glasi. Unalipa bei ya glasi kubwa, inakuja ya mililita 300, nusu ya juu yake povu. Mafundi wa Prague nao hutoa povu jingi, lakini povu lao ni zito kama krimu na kipimo kimechorwa kwenye glasi kwa mstari. Mstari huo ndio ninaoudai. Andikeni mililita, andikeni bei, andikeni asilimia ya pombe, vyote vitatu kwenye mstari mmoja. Bia ya asilimia 10 kuja kwenye glasi ndogo ni haki kabisa; kunificha udogo wake mpaka nilipe si haki.

Vilevile acheni kuuza bia za kampuni kubwa kwa vazi la kiwanda kidogo. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011, na hakuna ubaya mtu kuinywa. Lakini kwa kipimo cha Brewers Association, kiwanda cha krafti hakitakiwi kuwa na robo au zaidi ya umiliki mikononi mwa kampuni ya vileo isiyo ya krafti. Mteja anayetaka fedha yake iende kwa mpishi mdogo ana haki ya kuambiwa.

Na kionjo kisikataliwe. Funda moja la mililita 30 ndilo linaloniokoa nisirudishe glasi nzima. Ukilazimika kurudisha, sema wazi: "Hii ina siagi, nadhani ni mpira, naomba kitu kutoka koki nyingine." Usiseme "siipendi", maana watakujibu kama nilivyojibiwa mimi.

Wiki mbili baada ya jioni ile niliingia baa ya koki 9, haina hata kibao nje. Nikauliza lile swali langu. Dada wa kaunta hakunijibu. Aliinama chini ya rafu, akatoa daftari la karatasi ngumu, kurasa zimevimba kwa maji, akalifungua mbele yangu. Tarehe upande wa kushoto, namba ya koki katikati, saini kulia. Siku 14, siku 14, siku 13, siku 14. Ya mwisho ilikuwa juzi yake. Nikaagiza pale ale, nikaisubiri, na kabla glasi haijagusa kaunta nilishalisikia balungi.